Rivyu ya kozi ya maadili ya dimenshia: moduli ya kuogesha imeiacha mbali ile ya falsafa

Wadau wa wodi za wazee, watu wa ustawi wa jamii na nyie mnaozunguka majumbani kuhudumia wagonjwa, hii ni rivyu ya ile kozi ya mtandaoni ya maadili ya kuhudumia wazee na watu wenye dimenshia (ubongo unadhoofika, kumbukumbu na uelewa vinapotea) ambayo waajiri wengi siku hizi wanaisukuma kwa wafanyakazi wao. Jina lake nalihifadhi maana kuna sehemu naenda kuisema vibaya na sitaki kesi na mtu, ila kozi za aina hii zinafanana kwa hiyo hata yako utaiona humu. Kwa wasiopenda kusoma marefu: ichukue, moduli ya kwanza ipitie harakaharaka, na usiifanye peke yako.

Tuanze na hiyo ya kwanza basi. Ni zile kanuni nne, kuheshimu uamuzi wa mtu, kumtendea mema, kutomdhuru na kutenda haki, ambazo wasomi wa maadili wa Marekani, Tom Beauchamp na James Childress, walizipanga hivyo mwaka 1979 na tangu hapo kila mwalimu wa maadili ya tiba anaziimba. Sina ugomvi nazo hata kidogo. Ila mwalimu anasoma slaidi baada ya slaidi kwa sauti ya mtu anayetangaza treni imechelewa, alafu kwizi inakuuliza kanuni ya tatu ni ipi. Jamani. Yeyote aliyewahi kusimama na kikombe cha maji mbele ya mzee anayekataa dawa anajua kwamba hapo kanuni mbili zinakuvuta huku na mbili zinakuvuta kule, na kwamba kuzikariri majina hakukusogezi popote.

Moduli ya pili ndo kozi inaamka. Inahusu uwezo wa mtu kujiamulia, na wameegemea sana sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005 inayohusu uwezo wa akili, ambayo inasema unaanza kwa kuamini kwamba mtu mzima anaweza kuamua mpaka ithibitike vingine, unamsaidia kwanza kwa kila njia kabla hujasema hawezi, na akiamua kitu ambacho we unakiona cha kijinga hiyo sio sababu ya kusema akili haipo. Maswali ya kupima ni manne: anaelewa unachomwambia, anaweza kukishika kichwani muda wa kutosha kufikia uamuzi, anaweza kukipima faida na hasara, na anaweza kukufikishia jibu kwa njia yoyote ile, hata kwa kubana mkono wako. Na unapima uamuzi huu, kwa wakati huu. Mtu anaweza kushindwa kabisa kuelewa mkataba wa kuuza nyumba lakini anajua vizuri sana nani anataka amuogeshe na nani hamtaki karibu.

Kuna kipande humo nimekipenda kweli. Faili la mama mmoja wa kwenye mfano limeandikwa alama 14 kati ya 30, kile kipimo cha kumbukumbu cha Folstein cha mwaka 1975, na kila anayelifungua, daktari, nesi, afisa ustawi, anasoma hiyo 14 na kumalizia mwenyewe kwamba huyu hawezi kuamua. Mwalimu anasimamisha vidio anauliza, hawezi kuamua nini? Kimya. Alafu wanamrudia yule mama asubuhi badala ya jioni, wamemvalisha miwani yake, wamebadilisha betri ya kifaa cha kusikia, wamempeleka msalani kwanza, televisheni imezimwa, na swali limekatwa vipande viwili vifupi. Anajibu. Anaeleza na sababu. Hakuna muujiza wowote hapo, ni kwamba mara ya kwanza walikuwa wanampima akiwa hasikii na mkojo umembana.

Wamekumbusha pia kitu ambacho kwenye zamu kinasahaulika kila siku, kwamba mtu akibadilika ghafla, ndani ya masaa au siku mbili tatu, usiseme dimenshia imezidi, tafuta maambukizi, choo kigumu, maji kupungua mwilini, dawa mpya aliyoanzishwa. Hiyo hali mara nyingi inatibika na uamuzi unaoweza kusubiri usubiri mpaka mtu arudi.

Lalamiko langu kwenye hii moduli ni moja ila kubwa. Wanaongea kama vile dunia nzima iko chini ya hiyo sheria moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, kifungu cha 12, ambao nchi nyingi sana zimeuridhia na unavuta mambo kuelekea kumsaidia mtu aamue badala ya kumuamulia, wameupa kama nusu dakika hivi. Na suala la ndugu wamelipitia juu juu wakati ndo chanzo cha ugomvi mwingi tunaouona. Kwa sheria hiyo hiyo ya Uingereza mtoto wa mgonjwa hapati mamlaka ya kusaini kwa sababu tu ni mtoto, lazima awe amepewa rasmi na mzee mwenyewe akiwa bado na uwezo wake, au mahakama imteue, ila ukienda wodi yoyote utamkuta yule anayelipa bili anasaini kila karatasi na hakuna anayemuuliza. Kwa nchi yako utaratibu unaweza kuwa tofauti kabisa, kwa hiyo kaulize kabla hujaanza kunukuu hii kozi kwenye kikao.

Ya tatu ni ukweli na uongo, na hapa mjiandae kubishana. Mfano wao ni ule tunaoujua wote, bibi anauliza mume wangu atakuja saa ngapi, na mume kafariki zamani. Ukimwambia kafariki analia kama ndo anapata habari leo, maana kwake ndo leo, na kesho atauliza tena. Ukimwambia yuko njiani ananyamaza, ila unamdanganya mtu mzima usoni. Kozi inaonesha njia ya katikati ambayo nadhani wengi wenye uzoefu tunaifanya bila kuipa jina: usikimbilie jibu, tafuta swali limetoka wapi. Anaogopa? Kumeanza kuwa giza? Ana njaa? Basi unakaa, unasema naona umemkumbuka sana, nihadithie alikuwa mtu wa namna gani, na mara nyingi bibi anaanza kuhadithia na swali la saa ngapi linapotea lenyewe.

Wameleta na kile kituo cha basi cha Düsseldorf, Ujerumani, kwenye makao ya wazee ya Benrath, waliweka kituo kamili na kibao na benchi ila hakuna basi linalopita. Mzee anayetaka kwenda nyumbani anaenda kukaa pale, anatulia, baadaye mhudumu anakuja wanaongea, wanarudi ndani. Kuna wanaosema ni ubunifu wa ajabu na kuna wanaosema ni uongo uliojengwa kwa chuma. Mi msimamo wangu ni kwamba uongo wa kumtuliza mzee na uongo wa kumaliza zamu mapema vinatoka mdomo mmoja na vinafanana sauti, kwa hiyo kipimo changu ni kimoja tu, je unaweza kuuandika kwenye faili? Kama timu imekaa na ndugu, ikakubaliana tutamjibu hivi na kwa sababu hii, sawa. Kama kila mmoja ana lake, wa asubuhi anasema yuko safarini wa usiku anasema alishakufa mama tulia, hiyo sio huduma, hiyo ni kumchanganya mtu aliyechanganyikiwa tayari. Hiki kipimo hakimo kwenye kozi na nilitamani kiwemo.

Sasa moduli ya nne. Kama mtaangalia moja tu iwe hii.

Kichwa chake ni kitu cha kuchosha, huduma za mwili sijui na utu, nusura niiruke. Inaanza na bafu. Mama mzee kakaa kwenye kiti cha kuogea, uchi, kakumbatia taulo kwa mikono yote miwili, maji yanamwagika nyuma yake, wahudumu wawili wamesimama juu yake wanaongea wao kwa wao kuhusu nani yuko zamu ya wikiendi. Anapiga kelele. Mmoja anamvuta taulo, "tunamaliza sasa hivi mama, mtoto mzuri". Anamng'ata. Kwenye faili inaandikwa mkali, anakataa huduma.

Alafu tukio hilo hilo linarudiwa. Chumba kimepashwa joto kwanza. Mhudumu ni mmoja, kapiga goti ili macho yake yawe chini ya macho ya mama, anaweka bomba kwenye mkono wa mama mwenyewe, anasubiri. Anasubiri kweli, vidio haijakatwa, unakaa unaangalia huo ukimya mpaka unajisikia vibaya. Mama anajimwagia miguu. Taulo halijatoka mabegani, linaloa na linabaki hapo hapo, wanaosha chini yake kipande kwa kipande, na nywele zinaachwa siku nyingine maana leo hataki zioshwe. Haichukui muda mrefu kuliko ile ya kwanza, wameweka saa pembeni ya skrini mtu asije kusema hawana muda.

Hapo ndo wanamleta Tom Kitwood, yule mwanasaikolojia wa Bradford, Uingereza, ambaye miaka ya 1990 alieleza jinsi mazingira yanavyomshusha mtu mwenye dimenshia: kumdanganya ili atii, kumharakisha, kumfanya mtoto, kuongea juu ya kichwa chake kama hayupo. Na alisisitiza kwamba wanaofanya hivyo kwa kawaida sio watu wabaya, ni watu waliozoea. Baada ya kuiona ile bafu ya kwanza hiyo orodha inakuingia, wala huhitaji kuikariri kwa ajili ya kwizi. Mi ningeanza kozi nzima na hii vidio alafu zile kanuni nne zifuate baadaye, maana hapo watu wangekuwa na kitu cha kuzitumia.

Nusu ya pili ya moduli ni maumivu. Mzee mwingine, hawezi tena kuongea, anapiga watu kila akigeuzwa upande wa kulia. Kila akigeuzwa kulia! Na hakuna aliyeandika upande. Wanafundisha kutumia skeli ya PAINAD ya mwaka 2003, ya kupima maumivu kwa mtu mwenye dimenshia asiyeweza kujieleza, unaangalia vitu vitano, pumzi, sauti anazotoa, uso, mwili ulivyokaa, na kama anatulizika ukimshika au kumsemesha, kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 10. Wakataja utafiti wa Norway uliotoka mwaka 2011, makao ya wazee 18, watu 352 wenye dimenshia ya kati na kali waliokuwa wakisumbuka, kundi moja likatibiwa maumivu kwa hatua, wengi wao walipewa parasitamo tu, na baada ya wiki 8 ule usumbufu ukapungua kwa asilimia 17 ukilinganisha na kundi la huduma ya kawaida. Parasitamo wadau. Kabla ya kumuita mzee mkorofi ungempa kwanza dawa ya maumivu.

Hilo linaingia vizuri kwenye moduli ya tano, dawa za kutuliza na kufungia watu. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupitia majaribio 17: wazee wenye dimenshia waliopewa antisaikotiki (dawa za magonjwa ya akili zinazotumika kuwatuliza) walikufa kwa kiwango cha mara 1.6 hadi 1.7 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, vingi vikiwa vifo vya moyo na maambukizi kama nimonia. Hawasemi dawa hizi zisitumike kamwe, kuna mtu anaona vitu vya kutisha usiku kucha na anateseka, hapo inaweza kuwa ndo huruma yenyewe. Wanachosema ni jaribu mengine kwanza, dozi ndogo, muda mfupi, na tarehe ya kuipitia tena iandikwe. Tarehe! Maana tunajua wote ile dawa ya "siku chache tu" inavyogeuka ya mwaka.

Dawa za kufichwa kwenye chakula wamezieleza safi pia. Haikatazwi moja kwa moja, ila mtu mwenye uwezo wa kuamua akikataa kakataa, huwezi kumvizia. Akishapimwa na kuonekana hawezi kuamua kuhusu hiyo dawa, bado inatakiwa timu ikae, ndugu washirikishwe, mfamasia aulizwe maana kuna vidonge ukivisaga vinaachia dozi yote kwa mkupuo, na iandikwe. Inayofanyika bila karatasi, na mtu mmoja usiku, hiyo ndo shida.

Upande wa kufungia nilitegemea kamba na mikanda tu, kumbe wameenda mbali zaidi. Fimbo ya kutembelea iliyosogezwa mbali na mkono, kiti cha kuzama ambacho mzee hawezi kunyanyuka peke yake, meza iliyosukumwa mpaka tumboni, viatu vilivyofichwa. Yote hayo ni kumfunga mtu, na mengi yanafanywa na watu wapole kabisa kwa jina la usalama. Vyuma vya pembeni ya kitanda pia, kuna mzee anavipanda, na akianguka anaanguka kutoka juu zaidi. Nilikuwa natamani waongee zaidi kuhusu saa na vifaa vya kufuatilia mtu alipo, maana ndugu wanavinunua kila siku na kuja kutuuliza sisi, ila wameishia kusema pima faida na faragha. Asanteni, ila tunapimaje?

Ya sita ni mapenzi na tendo la ndoa, na pongezi kwao kwa kuigusa, kozi nyingi zinapita kimya. Wametumia habari iliyotangazwa na familia yenyewe mwaka 2007, ya mume wa Sandra Day O'Connor, jaji wa zamani wa mahakama ya juu ya Marekani, mume huyo alikuwa na Alzheimer, aina moja ya dimenshia, na akiwa kwenye makao akampenda mama mwingine anayeishi pale. Mkewe alifurahi kumuona ametulia. Wakaweka pembeni kesi ya jimbo la Iowa, Marekani, ya mwaka 2015, mwanaume alishtakiwa kwa madai ya kulala na mkewe mwenye dimenshia baada ya makao kusema mke hana tena uwezo wa kuridhia, na baraza la mahakama likamkuta hana hatia. Hakuna jibu moja linalotoka hapo, na sijui kama lipo, ila angalau wanakulazimisha uulize ridhaa inaonekanaje kwa mtu asiyeweza kueleza kwa maneno: anavuta mkono au anaukwepa, baada ya hapo anatulia au anahangaika. Nyumbani kwa mtu au makaoni, hilo unaweza kuliangalia.

Kwenye ya saba ndo walinipoteza. Mwisho wa maisha na zile kesi kubwa. Hoja ya mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin ya mwaka 1993, kwamba matakwa ya mtu aliyoyaandika akiwa mzima yamfunge hata akiwa na dimenshia na anaonekana ana furaha, na msomi wa sheria Rebecca Dresser anayempinga kwamba huyu aliyeko mbele yetu sasa ndo wa kuangaliwa. Nzuri, inafikirisha. Kisha kesi ya Uholanzi ya mwaka 2016, daktari aliyemsaidia mgonjwa wa dimenshia kufa kwa kufuata karatasi aliyoandika zamani, akamwekea dawa ya usingizi kwenye kahawa bila kumwambia, na mahakama ya juu ikamalizia mwaka 2020 kwamba hakuvunja sheria. Hii imechukua muda mrefu kuliko bafu na maumivu vikijumlishwa! Wengi wetu hatutaikuta hiyo kesi maisha yetu yote, na kwa nchi nyingi haiwezekani hata kisheria, ila kesho asubuhi kuna mtu ataogeshwa. Wakati huo huo suala la mpira wa kulishia kwa mtu mwenye dimenshia iliyofika mwisho, ambalo ndugu wanatuuliza kweli kweli, limepewa slaidi moja: kwamba chama cha madaktari wa wazee cha Marekani hakiupendekezi, kinashauri kulisha kwa mkono taratibu, maana mpira haujaonesha kurefusha maisha wala kuzuia chakula kuingia kwenye mapafu. Ukishajua hivyo bado una binti mbele yako anayekwambia unataka mama yangu afe njaa. Hapo nilitaka mwalimu anifundishe maneno, hakuna.

Na kuna kitu hakimo kabisa, na kwangu ndo doa kubwa. Kozi inaongea na mtaalamu kama vile yuko peke yake na mgonjwa wake na ana muda. Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi mbili ya wafanyakazi wa makao ya wazee walikiri wenyewe kumtendea mzee vibaya ndani ya mwaka mmoja. Theluthi mbili huwezi kuniambia ni watu wabaya walioajiriwa kwa bahati mbaya. Hiyo ni zamu ya watu wawili kwa watu thelathini, ni mhudumu asiye na wa kumuuliza saa tatu usiku, ni bosi anayehesabu vitanda vilivyotandikwa. Nani anaamua fimbo ikae wapi? Sio kamati ya maadili, ni yule dada wa zamu ya usiku ambaye hata kwenye hii kozi hakuandikishwa maana wameandika "kwa wataalamu". Ndugu wanaouguza nyumbani nao vivyo hivyo, shirika hilo hilo linasema karibu nusu ya gharama za dimenshia duniani ni muda wa watu wasiolipwa, wastani wa masaa matano kwa siku, ila kwenye kozi wanatokea tu kama watu wa kuwapa taarifa au wa kuwatuliza hasira.

Upande wa kiufundi iko sawa, inafunguka kwenye simu, vidio zina maandishi chini, kwizi unaweza kurudia mpaka ufaulu na cheti kinakuja kwenye barua pepe hapo hapo, ingawa mtu anaweza kukipata bila kuangalia hata vidio moja na nadhani wapo. Sehemu ya majadiliano imekufa, swali langu kuhusu saa za kufuatilia halijajibiwa mpaka leo. Ndo maana nasema ifanyeni kwa kundi, zamu nzima pamoja na wahudumu na wafanya usafi kama inawezekana, simamisheni vidio, bishaneni.

Nawapa nyota tatu na nusu. Ingefika nne kama wangebadilisha muda wa kesi ya Uholanzi na ule wa mpira wa kulishia. Moduli ya nne inafunguka bila kumaliza za kabla yake, kwa hiyo kama bosi kawapa saa moja tu nendeni moja kwa moja huko.